Ukuta wa Mjomba

Kila asubuhi, Mjomba alikunywa chai yake amesimama, akapapasa mfuko wa shati kuhakikisha ufunguo wa karakana upo, akachukua fimbo yake nyeupe na kuaga. Hakuwa akiona tangu alipougua surua akiwa na miaka saba, lakini njia ya kwenda kazini alikuwa ameipita kwa miaka ishirini na miwili na hakutaka kusindikizwa na mtu. Ukitaka kumkasirisha, ilitosha kumshika mkono bila kuombwa. Angekwambia kwa upole kwamba mkono huo una kazi nyingine.

Kazi yenyewe ilikuwa kuusoma ukuta. Akitoka kwenye kichochoro cha nyumbani, aliufikia ukuta mrefu wa matofali wa ghala la zamani. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya ukuta, fimbo ikiwa mkono wa kulia, akaenda mwendo wa kuwaacha nyuma wenye macho yao mawili mazima. Mahali fulani, bila kupunguza mwendo, aligeuka kulia ghafla, akavuka barabara, akakanyaga kivuko chembamba cha zege kilichopita juu ya mtaro, na huyo mlangoni mwa karakana yake. Kivuko kilikuwa hicho kimoja tu. Kwingine kote upande ule ulikuwa mtaro mtupu, wenye kina cha kumfikia mtu mzima magotini.

Nyuma yake alifuata mpwa wake, binti wa miaka kumi na miwili, akielekea shuleni kwa njia hiyohiyo. Jina alilopewa na wazazi lilitumika kwenye daftari la mahudhurio tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Chiriku, na aliyembandika jina hilo alikuwa Mjomba mwenyewe, kwa sababu mdomo wa binti huyo haukujua likizo. Aliongea akila, aliongea akipiga mswaki, na mama yake aliapa kwamba anaongea hata usingizini. Mara nyingi alimwuliza Mjomba anajuaje pa kugeukia. Mjomba alimjibu kwamba ukuta unamnong'oneza, kisha akabadilisha mazungumzo.

Mjomba alikuwa fundi wa kusuka viti. Watu walimletea fremu za mbao zilizochakaa sehemu ya kukalia, naye akazisuka upya kwa kamba, akivuta kila uzi hadi ulie. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama kwato, lakini uzi mmoja ukikaa upande, alijua papo hapo. Chiriku alipotoka shule alipitia pale, akamshikia ncha ya kamba na kumsimulia habari zote za darasani, na nyingine za kuongezea chumvi.

Lakini wateja walikuwa wamepungua. Watu wengi siku hizo walinunua viti vya plastiki, na kikivunjika wanatupa. Alhamisi moja Chiriku alimkuta Mjomba akifumua kiti alichokimaliza jana yake, kiti kizuri kisicho na kasoro. Akamwuliza kimekosewa wapi. Mjomba akasema hakijakosewa popote, ila mikono imezoea kazi na haiwezi kukaa bure kutwa nzima. Alisema hivyo huku anacheka. Chiriku hakucheka, na usiku huo alikula akiwa na mawazo.

Kesho yake akamweleza rafiki yake wa dawati, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Walikubaliana kumtengenezea Mjomba matangazo, tena kwa siri, ili ashtukie tu wateja wamejaa mlangoni. Walikusanya kalenda za zamani zenye karatasi nzito, wakaandika nyuma yake kwa herufi kubwa: VITI VIMECHAKAA? FUNDI YUPO. HAONI LAKINI HAKOSEI. Maneno ya mwisho aliyatunga Chiriku, akayaona yametia fora. Gundi waliipika kwa unga wa jikoni kwa mama yake Chiriku, ambaye hakuulizwa.

Jumamosi alasiri walitoka na matangazo kumi. Rafiki yake alipofika kwenye ukuta wa ghala alisita, kwa sababu yalikuwapo maandishi mekundu yaliyosomeka tangu mbali: NI MARUFUKU KUBANDIKA MATANGAZO. Alisema labda wangeuliza kwanza. Chiriku alimwonyesha karatasi mbili zilizokuwapo tayari, moja ya muuza viwanja na moja ya mzibua mabomba, akasema ukuta ni ukuta tu, na karatasi zao chache zitamdhuru nani. Wakabandika.

Tangazo kubwa kuliko yote Chiriku alilichagulia mahali kwa akili sana. Alilibandika mkabala kabisa na mlango wa karakana, ili mtu akishasoma ageuke tu amwone fundi. Hapo palikuwa na tofali moja lililobomoka kona na kuacha tundu, jambo lililomwudhi kidogo, maana lilikuwa linachafua kazi. Akaivuta ile karatasi nzito ya kalenda juu yake, akaipiga pasi kwa kiganja hadi ikakaa sawa bila kunjo. Akarudi nyuma hatua mbili kuitazama, akaridhika.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yake ya kufagia darasa, kwa hiyo alitoka nyumbani mapema kuliko Mjomba. Jumatatu mchana alipita karakana akakuta mlango umefungwa. Nyumbani alimkuta Mjomba ameketi, amefungwa kitambaa kwenye muundi wa mguu. Mjomba alisema ameteleza tu, tena akafanya mzaha kwamba mtaro ulimkumbuka ukamwita. Jumanne alirudishwa na msukuma mkokoteni aliyemshika mkono tangu barabarani hadi kitini, na safari hii hakufanya mzaha wowote. Jumatano hakuigusa fimbo.

Kumbe matangazo yalikuwa yanafanya kazi yake. Rafiki wa Chiriku aliishi jirani na karakana, naye alimweleza kwamba watu watatu wamekuja na viti, wamegonga, wameondoka. Mama mmoja alikuwa amechoka kurudi na kiti chake akakiacha mlangoni. Chiriku alikimbia kumpa Mjomba habari hiyo, akidhani itamwinua. Mjomba alitabasamu kidogo, akashukuru, akasema watafute fundi mwingine.

Jioni hiyo alikuwa nje akiosha vyombo, chini ya dirisha la chumba walimoketi mama yake na Mjomba. Hakutega masikio, sauti zilimfuata zenyewe.

"Dada, nimepoteza tundu," Mjomba alisema.

Mama aliuliza tundu gani.

"La ukutani. Kuna tofali limebomoka kona. Kidole gumba changu kikiingia pale nageuka, hatua kumi na moja, niko juu ya kivuko. Jumatatu nimehesabu hatua zangu kama kawaida, sikulikuta. Nikarudi mwanzo, nikahesabu tena. Sikulikuta. Nikasema nivuke tu kwa kukisia, nikaingia mtaroni. Jumanne nimegusa matofali, nimegusa karatasi za watu kama zilivyo siku zote, tundu hakuna."

"Umekosea kuhesabu, kaka. Hutokea."

"Ndilo ninalokwambia. Mama naye si alianza hivihivi? Alianza kwa kusahau njia ya kwenda bombani. Mwaka haukuisha akasahau jina langu."

Mama alimwomba waende pamoja asubuhi wakatazame. Mjomba alikataa. Alisema hawezi kushikwa mkono na kwenda kuonyeshwa kwamba tundu liko palepale lilipokuwa siku zote. Mwisho wa wiki angemrudishia mwenye nyumba ufunguo wa karakana, angali anakumbuka nyumba yenyewe iko wapi.

Chiriku alibaki na sahani mkononi, maji yanamtiririka hadi viwikoni. Alimkumbuka bibi yake vizuri. Siku zake za mwisho alikuwa akiwaita wote nyumbani kwa majina ya watu wasiojulikana, na Mjomba alikuwa akiketi miguuni pake akimtajia jina lake taratibu, mara kwa mara, kama anayemfundisha mtoto. Alijua ni tofali gani.

Alhamisi kulipopambazuka tu alifika ukutani. Katika siku tano karatasi nyingine zilikuwa zimeifuata yake: mwalimu wa masomo ya ziada, fundi simu, mganga wa maradhi yote. Alisimama mbele ya tangazo lake, akafumba macho, akaweka kiganja juu ya matofali na kukisogeza kama alivyomwona Mjomba akifanya. Mkono ulipanda juu ya karatasi ukateleza, laini, hadi upande wa pili. Alirudi akabonyeza kwa kidole gumba. Karatasi ilibonyea, ikapasuka, na kidole kikazama ndani ya tundu hadi mwisho, mahali palipokuwa pamelainishwa na kidole kingine kwa miaka ishirini na miwili.

Alilibandua tangazo lote kwa kucha, akasugua gundi kwa upindo wa sketi, akalikunja na kulisukumiza ndani ya begi. Hakuna aliyemwona. Tundu lilikuwa wazi, Mjomba angelipata, mambo yangekwisha, na hakuna mtu angejua nani alifanya nini. Alikwenda shule akijiambia hivyo njia nzima, na karibu ayaamini maneno yake.

Aliporudi alimkuta Mjomba ameketi kitandani, ufunguo wa karakana uko kwenye kiganja. Chiriku alijikaza kisabuni, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba kesho ajaribu tena kwenda kazini, huenda mambo yatakuwa mazuri.

Mjomba alitikisa kichwa. Alisema bila shaka Chiriku ameambiwa na mama yake habari ya tundu, na amsamehe kwa kumtia hofu. "Lakini hata nikilipata kesho, mwanangu, haitanisaidia. Jumatatu na Jumanne lilikuwapo, nami sikulipata. Kichwa kinachosahau leo na kukumbuka kesho, hicho ndicho kinachonitisha. Bora niketi nyumbani."

Hapo Chiriku akaelewa kwamba ameusafisha ukuta bure. Alichokibandika hakikuwa kimebaki kule barabarani tu. Kilikuwa kimemfuata Mjomba hadi chumbani. Na wa kukibandua alikuwa yeye peke yake, kwa mdomo huohuo uliozoea kusema kila kitu.

"Umenyamaza," Mjomba alisema. "Chiriku akinyamaza, nyumba inakuwa kubwa mno. Una nini?"

Akapiga moyo konde.

"Mjomba, hukusahau. Tundu halikuwapo. Nililifunika mimi."

Mjomba alimwomba aanze upya, taratibu, tangu mwanzo. Chiriku alisimulia yote: kiti kilichofumuliwa, kalenda, unga wa mama, maandishi mekundu aliyoyasoma na kuyapuuza, karatasi iliyovutwa juu ya tofali bovu. Hakuficha hata kwamba amelibandua tangazo asubuhi na alikuwa amepanga kunyamaza. Alipofika hapo akasimama akingoja kugombezwa.

Mjomba alinyoosha mkono akaupapasa uso wake, akakuta mashavu yameloa.

"Kwa hiyo sikusahau," alisema.

"Hukusahau, Mjomba."

"Hatua nilizihesabu sawasawa?"

"Sawasawa kabisa."

Mjomba akaufunika uso wake kwa mikono yake miwili migumu, akalia. Chiriku hakuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya bibi. Alimkumbatia shingoni kwa nguvu, na mama yake aliyetokea mlangoni aliwakuta hivyo, akataka kujua kuna msiba gani. Ilibidi Chiriku aisimulie habari yote mara ya pili, pamoja na sehemu ya unga.

Machozi yalipoisha, Mjomba alijifuta uso akataka asomewe tangazo lenyewe. Chiriku alilitoa begini, limechanika katikati, akasoma kwa aibu. Mjomba alirudia maneno ya mwisho polepole.

"Haoni lakini hakosei. Na mwenyewe wakati huo yuko mtaroni."

Alicheka hadi akashika mbavu, mama akacheka, na Chiriku naye akacheka huku kamasi zinamtoka. Lakini kicheko kilipokwisha, Mjomba aliugeuza uso wake upande wa mpwa wake na sauti yake haikuwa na mzaha. Alisema yamebaki matangazo tisa, na ukuta si wake wala si wa Chiriku. Kesho baada ya masomo wangekwenda pamoja kwa wenyewe.

Wenyewe, yaani wenye ghala na ukuta wake, walikuwa watu wa ofisi ya manispaa, na ndani ya ofisi hiyo alikuwapo afisa mmoja mwanamke ambaye mji mzima ulimwita Mama Brashi. Miaka yote alikuwa akizunguka na ndoo na brashi akikwangua karatasi kwenye nguzo, vituo vya basi na kuta za umma, na kesho yake akikuta nyingine. Chiriku alikuwa amesikia kwamba ni mkali kama pilipili. Akaingia amejificha nusu nyuma ya Mjomba, lakini Mjomba alisogea pembeni ili asiwe na pa kujificha, akamwambia aseme mwenyewe.

Akasema. Mama Brashi alisikiliza bila kumkatiza, akaweka kalamu chini. Aliuliza matangazo yalikuwa mangapi na yako wapi, akatajiwa kila moja. Alisema katika kazi yake amewakamata watu wengi wakiwa na gundi mkononi, lakini hajawahi kumwona hata mmoja aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe. Adhabu ilikuwa kuyabandua yote, pamoja na yale yaliyoyafuata ukutani, na wangefanya kazi hiyo pamoja Jumamosi. Kuhusu kutangaza, alieleza kwamba upo ubao maalumu kwenye lango la soko kwa ajili ya matangazo ya watu. Mtu analeta karatasi yake ofisini, inasomwa, inagongwa muhuri, inabandikwa pale bila ugomvi. Mjomba aliomba wagongewe muhuri mmoja, ila maneno ya mwisho yabadilishwe kidogo.

Jumamosi walikutana ukutani: Chiriku, rafiki yake wa dawati, mama, na Mama Brashi na ndoo zake. Gundi ya unga iliyokauka juani ikawa mbishi kuliko walivyodhani. Waliloweka, wakasugua, wakakwangua, na hadi saa nne vidole vya Chiriku vilikuwa vimechubuka. Mjomba alikuja pia, peke yake, kwa mwendo wake uleule wa haraka, akadai brashi. Alipita nyuma ya wenye macho akipapasa, akigundua vipande walivyoviruka, akiwaita mmoja mmoja warudi wakamalize kazi. Akawakera, wakacheka.

Chini ya tangazo la mganga wa maradhi yote walikuta mshale mweupe uliochorwa ukutani, unaoelekeza zahanati. Mama Brashi alisimama mbele ya mshale huo, maji yanachuruzika kwenye mikono yake.

"Unaona?" alimwambia Chiriku. "Kila aliyebandika alisema, 'Karatasi yangu ni moja tu.' Ukuta wa watu wote una watu wanaoutegemea usiowajua. Mmoja anautazama, mwingine anaugusa. Ndiyo maana tunauliza kwanza."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Alisema angekuwa amejua kuhusu tundu asingelifunika kamwe. Mama Brashi akasema anaamini, na ndiyo sababu iliyomfanya aseme "usiowajua".

Kabla ya adhuhuri yule mama aliyeacha kiti mlangoni alifika kukiulizia, akakuta karakana iko wazi. Mjomba alivuka kwenda kumhudumia, kisha akarudi kwenye kazi ya ukuta. Ukuta ulikuwa umebaki mtupu isipokuwa kona moja, matofali yanang'aa kwa maji, na Chiriku akasema kwa furaha kwamba umerudi kama zamani, kama vile hawakuwahi kuugusa.

Mjomba aliketi kwenye ukingo wa barabara, akampapasia nafasi aketi kando yake.

"Ukuta ni kazi ya maji na brashi," alisema. "Hata usingesema neno, mvua mbili tatu zingeuosha. Lakini mimi ningebaki kitandani, mzima wa akili, nikingoja siku nitakayoyasahau majina yenu. Pale hakuna brashi ingefika, mwanangu. Ulinitoa wewe, siku uliposema, 'Nililifunika mimi.' Ukikosea tena, maana utakosea tu kama sisi sote, usiishie kurekebisha kimyakimya. Mtafute uliyemuumiza, umwambie."

Mjomba akamkabidhi brashi, wakainuka wakaenda kumalizia kona iliyobaki.